Hotirodi: Jarida la Senti 25 na Vijana Walioitwa Wahuni

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuongelee magari. Tena siyo magari ya kununua yakiwa yamekamilika, magari ya kuchonga mwenyewe. Nina ugonjwa wa kukusanya majarida ya zamani, na katika yote niliyonayo kwenye boksi, yanayoninyima usingizi ni yale ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yaliyokuwa yakiandika habari za hotirodi. Machache niliyakuta kwa wauza vitabu vya mitumba. Mengine nimeyasoma kwenye mtandao, ambako wazee wenye roho nzuri wameyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Watu huniuliza: wewe gari lenyewe huna, haya yanakusaidia nini? Jibu langu ndiyo makala hii. Ndani ya majarida yale kuna habari ya vijana waliokuwa wakifukuzwa na polisi, wengine wakifa barabarani, na jinsi jarida la senti 25 lilivyowasaidia kupata mahali pa kufanyia mambo yao bila kuua mtu.

Kwanza hotirodi ni nini. Ni gari la zamani, mara nyingi Ford, ambalo kijana amelinunua kwa bei ya chuma chakavu, akalivua kila kisicho na kazi (madigadi, boneti, bampa, wakati mwingine hata kioo cha mbele), kisha akaichokonoa injini mpaka ikatoa nguvu ambayo kiwanda hakikuipanga. Basi, hakuna siri zaidi ya hapo. Mchezo ulikomaa kusini mwa California miaka ya 1930, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Kule mvua ni chache, na Ford kuukuu zilikuwa kibao. Henry Ford alitengeneza Model T kuanzia 1908 mpaka 1927, magari milioni 15, kwa hiyo kila uwanja wa chuma chakavu ulikuwa nazo.

Halafu mwaka 1932 ikaja V8. Ukitaja V8 hapa Bongo mtu anafikiria shangingi la mheshimiwa, vioo vyeusi, kiyoyozi kinapuliza. Ile ya Ford ilikuwa kinyume chake: injini ya silinda nane kwa ajili ya mtu wa kawaida, gari zima likianzia dola 460, tena katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Injini ilikuwa ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Usicheke. Leo Vitz ya lita moja inaizidi kidogo, lakini mwaka ule gari la bei hiyo kuwa na nguvu hizo lilikuwa jambo jipya. Vijana wenyewe hawakuwa na hela ya kulinunua jipya. Walisubiri lichoke, lipate ajali, liuzwe bei ya kutupa.

Naomba nichafue mikono kidogo hapa, maana bila kuijua injini ile hutaelewa kwa nini majarida yalihitajika. Valvu zake zimekaa ubavuni, ndani ya bloku. Hazipo juu kwenye silinda hedi kama za magari yetu. Hivyo hedi ni kifuniko bapa tu, kama cha sufuria, na fundi wa mtaani aliweza kukifungua mchana mmoja. Ubaya wake ni kwamba moshi wa eksozi unapita ndani ya bloku kabla ya kutoka nje, ukiyachemsha maji ya rejeta njiani. Ukiongeza nguvu, joto linaongezeka, na rejeta inaanza kutoa mvuke kama birika la kahawa. Sasa kijana anataka kwenda mbio. Anafanyaje? Anaikwangua hedi ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi. Anatoa kabureta moja anaweka mbili au tatu, na hapo anahitaji manifoldi nyingine, lile bomba lenye matawi linalogawa mchanganyiko kwenye silinda. Anaisaga kamshafti upya ili valvu zifunguke zaidi na zichelewe kufunga. Anatafuta krenki ya Mercury, ndugu yake Ford, yenye mwendo mrefu zaidi, kwa hiyo pistoni zinavuta hewa nyingi zaidi.

Kila moja ya kazi hizo ukikosea unavunja injini. Na hapakuwa na chuo kinachofundisha. Kulikuwa na watu wachache tu Los Angeles waliojua, kama Vic Edelbrock aliyekuwa anatengeneza manifoldi na Ed Iskenderian aliyekuwa anasaga kamshafti. Kama hukuwa unaishi karibu na gereji zao, imekula kwako.

Walikuwa wanakimbizia wapi? Wale wenye busara walikwenda jangwani, kwenye maziwa yaliyokauka: Muroc, baadaye El Mirage. Udongo wa pale kiangazi unakuwa mgumu na bapa kama sakafu, na hakuna mti, hakuna mtoto wa kuvuka. Mwaka 1937 klabu kadhaa ziliungana kuanzisha chama cha kupima mwendo, Southern California Timing Association, kwa kifupi SCTA. Chama kilileta saa na kanuni, na kila mtu akajua gari lake lina mwendo gani kwa uhakika badala ya kubishana kijiweni. Muroc yenyewe ilichukuliwa na jeshi. Ndiko Oktoba 1947 Chuck Yeager aliporusha ndege kupita mwendo wa sauti. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vijana wale walikuwa wanacheza mahali pa hovyo, mjibu hivyo.

Majarida yenyewe hayakuanza na lile maarufu. Mwaka 1941 lilitoka moja linaitwa Throttle. Lilidumu mwaka huohuo tu. Desemba Wajapani wakashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, vijana wakachukuliwa jeshini, na jarida likafa. Hapa ndipo kuna mtu ambaye naona hatajwi vya kutosha. Mama mmoja, Veda Orr, ambaye mwenyewe alikuwa anakimbiza magari kwenye yale maziwa makavu wakati wanawake hawakutarajiwa hata kushika spana, aliendeleza kijarida cha habari cha SCTA wakati wote wa vita na kukituma kwa wanachama waliokuwa jeshini ng'ambo. Fikiria uko kisiwa gani sijui huko Pasifiki, malaria inakupiga, barua inafika, unasoma habari za gari la mshikaji wako lililofunikwa turubai nyumbani likikusubiri.

Vita ilipokwisha 1945 walirudi wengi, wakiwa wamejifunza ufundi wa injini za ndege na vifaru kwa gharama ya serikali, wana vihela mfukoni, na hawana uoga. Jangwa liko mbali, barabara iko mlangoni. Wakaanza kushindana mitaani usiku. Watu waligongwa, magari yalipinduka, na magazeti yakapata habari ya kuuza: hotirodi ikawa jina la uhuni. Hata gari bovu la mtu mzima aliyelewa likipata ajali, kama lilikuwa kuukuu na halina madigadi, mwandishi aliandika ni hotirodi. Wakaanza kupaza sauti wanaotaka yapigwe marufuku kabisa.

SCTA ikaamua kujisafisha mbele ya umma kwa maonyesho makubwa ya magari hayo ndani ya jengo la jeshi la akiba mjini Los Angeles, Januari 1948. Mmoja wa watu wa uenezi waliohusika na maandalizi alikuwa kijana wa miaka 21, Robert E. Petersen, aliyewahi kuwa tarishi kwenye kampuni ya filamu ya MGM. Jamaa aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: watu wote wale wanaofurika pale hawana cha kusoma. Yeye na mwenzake Robert Lindsay wakachapa nakala 5,000 za jarida jembamba, wakaliita Hot Rod, wakaliuza kwa senti 25 kwenye ngazi za jengo. Hakuwa na ofisi ya maana wala mtaji wa kuringia. Huyo ndiye baadaye alimiliki himaya ya majarida, Motor Trend likiwemo mwaka 1949, na mwaka 1994 kukafunguliwa jumba la makumbusho ya magari lenye jina lake pale Los Angeles.

Sasa kilichokuwa ndani. Ukifungua toleo la mwanzo mwanzo unategemea picha za magari na wasichana, na vyote vipo. Lakini nyama yenyewe ni mafunzo. Jinsi ya kupima nafasi ya valvu. Jinsi ya kulichanganya hili na lile bila rejeta kuchemka. Michoro, vipimo, picha za mikono yenye grisi. Halafu kuna orodha za matokeo: jina la dereva, klabu yake, aina ya injini, mwendo alioupata. Mimi naamini orodha zile ndogo zilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri yote. Kijana ambaye jana alikuwa anatajwa kwenye habari za polisi, leo jina lake limechapishwa kwa heshima pamoja na tarakimu zake, na mama yake anaweza kulionyesha kwa jirani. Ili jina litoke, lazima ukimbie mbele ya saa za chama, kwa kanuni za chama. Barabarani hakuna orodha.

Kulikuwa na katuni pia. Tom Medley alichora jamaa mmoja anaitwa Stroker McGurk, fundi wa mawazo ya kijinga ambayo mara nyingine yaligeuka kuwa si ya kijinga. Wazee wa mchezo husema parachuti ya kusimamishia gari la mbio ilionekana kwenye katuni zake kabla hujaiona uwanjani.

Na matangazo, jamani, msiyaruke matangazo. Ndiyo yaliyowafikishia Edelbrock na Iskenderian vijana wasiowahi kuiona California. Mtoto wa mkulima Kansas anajaza kuponi, anatuma hela kwa posta, baada ya wiki kadhaa kamshafti inaingia kwenye kisanduku. Ule ujuzi wa gereji tano sita za Los Angeles ukawa wa nchi nzima. Hapo Petersen hakuwa mtakatifu, alikuwa mfanyabiashara. Kila gari alilolisifu lilimuuzia mtu kabureta. Ndiyo maana ukisoma makala za kupima vifaa ni nadra sana kukuta kifaa kibaya. Ziada ya chumvi ipo, na msomaji wa leo aimung'unye taratibu.

Mtu aliyeibeba habari hii kutoka kwenye karatasi mpaka ardhini ni Wally Parks. Alikuwa kiongozi wa SCTA, na mwaka 1949 akawa mhariri wa Hot Rod. Mwaka huohuo mbio za kwanza za wiki nzima zikafanyika Bonneville, kwenye uwanda wa chumvi kule Utah. Lakini Bonneville ni mbali, na wengi hawakutaka mwendo wa juu kabisa. Walitaka kujua nani anatoka haraka kwenye taa. Mwaka 1950 uwanja wa ndege wa Santa Ana ukaanza kutumiwa siku za Jumapili kwa mashindano ya magari mawili mawili, kutoka kusimama mpaka mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Hiyo ndiyo inayoitwa dragi. Uzuri wake ni kwamba vita ilikuwa imeacha njia nyingi za kurukia ndege zisizo na ndege. Parks, akitumia kurasa za jarida kuwaita wasomaji, akaanzisha mwaka 1951 chama cha kitaifa, NHRA, chenye kanuni za usalama: mkanda, kofia ngumu, breki zinazoshika, gari kukaguliwa kabla ya kukimbia.

Na sasa sehemu iliyonifanya niruke kwenye kiti. Mwaka 1954 NHRA ilituma watu wanne kwenye gari moja la familia lenye trela nyuma, wazunguke Marekani mji kwa mji kuwafundisha vijana, wenye mamlaka na polisi jinsi ya kuandaa mashindano salama. Trela lilibeba saa, nyaya, vipaza sauti na vitu vya ukaguzi. Msafara ule uliitwa Drag Safari. Ndiyo, safari, neno letu hilohilo, lililoingia Kiingereza kupitia Kiswahili karne ya 19. Sidai kwamba walikaa wakatuwaza sisi. Ila mwaka mmoja nyuma, 1953, hapa Afrika Mashariki yalikuwa yameanza mashindano ya Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Neno moja, mabara mawili, na kote linahusu magari yanayopigwa vumbi.

Kiongozi wa ule msafara alikuwa nani? Polisi! Bud Coons alikuwa sajini wa polisi mjini Pomona, California. Pale mkuu wa polisi aliamua kwamba kuwakimbiza vijana kila Jumamosi usiku haisaidii, akawaunga mkono wapate mahali pao. Mwaka 1953 NHRA ikafanya mashindano yake ya kwanza rasmi hapohapo Pomona. Coons akaacha kukamata akaenda kufundisha. Mwaka 1955 mashindano ya kitaifa ya kwanza yakafanyika Great Bend, Kansas, yule mtoto wa mkulima kwenye maeneo yake.

Nisiwadanganye kwamba mbio za mitaani zilikwisha. Hazikwisha, mpaka leo zipo, na uwanjani nako watu walikufa. Lakini angalia tofauti. Mwenye kujua kwamba Jumapili kuna njia ndefu, saa ya uhakika na watu wa kumshangilia, ana sababu ya kulaza gari Jumamosi usiku. Sisi tunawasikia vijana wakivumisha Subaru saa nane za usiku, tunapiga simu polisi, tunalala, kesho tunasoma habari za msiba. Nani amewahi kuwaonyesha mahali?

Turudi kwenye boksi langu. Mwaka 1953 yalitoka majarida madogo, saizi ya kuingia mfukoni, Rod & Custom likiwemo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi waliyapenda kwa sababu yanafichika ndani ya kitabu cha hesabu. Haya yalipenda zaidi uzuri kuliko mwendo. Paa linakatwa nguzo zake na kushushwa, vitasa vinaondolewa, viungo vinazibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, rangi inapigwa tabaka juu ya tabaka. Gari lililosifika kuliko yote ni Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, iliyochongwa kwenye gereji ya ndugu wawili, Sam na George Barris. Hirohata aliliendesha kutoka California mpaka Indianapolis akaiandikia Rod & Custom habari ya safari hiyo. Kumbuka alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani, na ni miaka kumi na moja tu ilikuwa imepita tangu serikali iwakusanye watu wa asili yake zaidi ya 110,000 na kuwafungia kambini. Gari lile likachakaa, mwaka 1959 mwanafunzi mmoja akalinunua kwa dola 500. Januari 2022 liliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 1.95. Fundi gani wa bodi hapa mtaani hajawahi kuambiwa kazi yake ni ya kihuni?

Ila majarida haya yalikuwa na upofu wao. Ukifungua mengi ya zamani unaona sura za aina moja. Vijana wa Kimeksiko wa mashariki mwa Los Angeles walikuwa nao wanachonga, lakini walitaka gari lishuke chini na liende taratibu, linaonekana. Sheria ya California iliyoanza 1958 ilikataza gari ambalo bodi yake imeshuka chini ya rimu. Wao wakafunga pampu za haidroliki, zile za vyuma chakavu vya ndege za vita: polisi akitokea, unabonyeza, gari linapanda. Akipita, linashuka. Huo ni ubunifu wa daraja la kwanza, lakini majarida makubwa hayakuwapa nafasi wanayostahili. Mwaka 1977 vijana wa San Jose wakaanzisha lao, Lowrider.

Kilichoyaua majarida ni vitu vingi, na sitavichambua vyote. Viwanda navyo viliamka: Chevrolet ikatoa V8 yake nyepesi mwaka 1955, Pontiac ikatoa GTO mwaka 1964, na ghafla nguvu ikawa inauzwa dukani kwa mkopo. Zikaja sheria za moshi, ikaja shida ya mafuta ya 1973, mwishowe ukaja huu mtandao tunaousomea sasa. Petersen na Parks wote walifariki mwaka 2007. Desemba 2019 kampuni iliyokuwa inayamiliki ilitangaza kufunga majarida 19 kati ya 22 kwa siku moja. Car Craft likaenda, Lowrider likaenda. Hot Rod lilinusurika.

Januari 2024 ikaanza kutumika sheria mpya ya California inayoondoa marufuku ile ya magari yaliyoshushwa, na kuzizuia halmashauri zisikataze watu kuzunguka na magari yao taratibu mitaani. Miaka 66 baadaye.

Wadau mlioko California, SCTA bado inapima mwendo kule El Mirage. Kama kuna aliyewahi kwenda, atupe stori hapo chini. Na mwenye matoleo ya Rod & Custom yale madogo, hata yaliyochanika majalada, tuwasiliane.